Wastaafu wa Malindi kwa Macho ya Mtu wa Mumosho

Saa moja asubuhi Malindi ni mji wa wazee. Kabla jua halijawa kali wanatoka majumbani, wamevaa kaptula na kandambili, wengine na mkongojo, wanaelekea barabara ya Lamu kunywa kahawa. Wanasalimiana kwa Kiitaliano, wanailaumu serikali yao ya Roma, wanaulizana habari za magoti na presha. Kijana Mgiriama anayewahudumia anawajibu kwa Kiitaliano kisichokwama popote, anawatania, anajua nani hatumii sukari. Kisha ananigeukia: “Na wewe, baba? Chai ama kahawa?”

Mimi ni mtu wa Mumosho, kusini mwa Bukavu, kwenye vilima vinavyoutazama mto Ruzizi. Ng’ambo ya mto ni Rwanda. Kwetu mzee wa umri ule haonekani kahawani saa hizo. Amekwisha kuinama shambani, analima mihogo na maharagwe, au amesimama mbele ya darasa na chaki mkononi, akifundisha watoto wa watu aliowafundisha. Kwa hiyo niliketi pale nikiwatazama wale Waitaliano, na swali nililoondoka nalo halikuhusu rangi yao wala utajiri wao. Nilijiuliza hivi: mtu anafanyaje hadi anazeeka namna hii?

Nilikuwa nimekwenda pwani kumtembelea rafiki niliyesoma naye, ambaye siku hizi anafanya kazi za umeme katika hoteli za huko. Kutoka Bukavu unavuka daraja la Ruzizi, unapanda basi Kamembe, unaupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, kisha Kampala, kisha Nairobi. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mipakani maswali yamepungua kidogo, ingawa mizigo bado inafunguliwa. Kutoka Nairobi nilipanda treni ya SGR hadi Mombasa, halafu matatu iliyopita Mtwapa na Kilifi, na mkonge ukaanza kuonekana pande zote mbili za barabara.

Sikuwa nimewahi kuona bahari. Sisi watu wa Kivu tunajua maji makubwa, lakini maji yetu yana njia nyingine kabisa. Maji ya Ziwa Kivu hutoka kwa mto Ruzizi, huingia Tanganyika, hupita Lukuga hadi Lualaba na mto Kongo, na humwagika Atlantiki. Hakuna tone letu linalofika Bahari ya Hindi. Pale Malindi maji ya karibu na ufuo yana rangi ya kahawia, kwa sababu mto Sabaki unashusha udongo wa bara, na wenyeji hawaoni ajabu. Watalii wapya ndio wanaouliza bahari ya buluu waliyoahidiwa iko wapi.

Waitaliano hawakuja Malindi kwa bahati nasibu. Miaka ya 1960 wanasayansi wao, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, waliweka majukwaa ya kurushia roketi baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Aprili 26, 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Desemba 12, 1970 ikafuata setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mafundi walipopata mapumziko walishuka Malindi, wakaupenda mji, wakawasimulia ndugu zao. Baada ya mafundi wakaja watalii, baada ya watalii wenye hoteli, na baada ya hao wakaja watu waliochoka na kazi na baridi. Kituo cha Ngomeni kingali na jina la Broglio, na Machi 2023 Rais Sergio Mattarella wa Italia alikwenda kukitembelea.

Leo dereva wa tuktuk anakuita kwa “Ciao” kabla hajauona uso wako vizuri. Maduka yana jibini na mvinyo wa Italia, kuna aiskrimu ya kwao, kuna mahakimu na wauza samaki wanaojua kuhesabu kwa Kiitaliano. Rafiki yangu aliniambia kwamba mji huu una majira mawili ya fedha. Kaskazi inapoanza kuvuma, karibu na Desemba, Ulaya kumeganda na wazungu wanamiminika. Masika yakianza, wengi wanarudi kwao, na hoteli kadhaa zinafunga milango. Zamani upepo huohuo wa kaskazi ndio uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni. Wageni wamebadilika, lakini mji bado unautegemea mwezi uleule.

Wanaobaki masika yote ndio wastaafu wenyewe. Sheria ya Kenya ina mlango wao maalumu: kibali cha daraja la K, kwa mgeni aliyetimiza miaka 35 na mwenye kipato cha uhakika kutoka nje kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Kuhusu ardhi, Katiba ya mwaka 2010 inasema asiye raia anaweza kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Maana yake mgeni anaweza kujenga nyumba ya kifahari, akapanda miti na kuchimba bwawa la kuogelea, lakini ardhi iliyo chini yake haitakuwa mali yake milele.

Kwa jirani yake Mgiriama neno hilo la ardhi ni chungu zaidi. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa maili kumi, ule uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Wenye karatasi waliandikishwa, huku Wagiriama na Wamijikenda wenzao wengi wakibaki bila hati kwenye ardhi waliyoilima. Wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota. Ukipita nyuma ya kuta ndefu za majumba ya Casuarina, kisha ukaingia ndani kidogo, unakuta nyumba za udongo na makuti za watu wasiojua kesho watafukuzwa na nani. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba wageni ndio walioujenga mji, akaishia hapo.

Kuna jambo jingine lisilostahili kufunikwa. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa kingono katika utalii wa pwani, na Malindi ilikuwa miongoni mwa miji iliyochunguzwa. Wakosaji waliotajwa hawakuwa wageni peke yao, wenyeji walikuwemo. Nilipouliza, kila mzazi niliyekaa naye alikuwa na la kusema juu ya binti wa mtaani aliyeacha shule akahamia kwa mzee wa miaka sabini. Fedha ya uzeeni ina nguvu kubwa mahali ambapo vijana hawana kazi.

Hata hivyo wastaafu wote si mabwanyenye. Rafiki yangu alinipeleka kwa mama mmoja mjane kutoka Torino, ambaye yeye rafiki yangu humrekebishia nyaya. Alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kimejaa makosa na kinaeleweka chote. Alitukaribisha barazani, akamwambia mpishi wake atuletee madafu.

“Kwetu pensheni yangu inaisha tarehe kumi na tano,” alisema. “Kodi ya nyumba, gesi ya kupasha moto, dawa, basi. Hapa inafika mwisho wa mwezi, na huyu anapata chake.”

“Huyu” alikuwa mpishi, mwanamume wa makamo aliyesimama mlangoni akisikiliza. Yule mama akachukua simu yake, akavaa miwani, akatafuta kwa muda, kisha akanionyesha ujumbe mfupi: mchango wa mpishi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, kwa mwezi uliopita. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa mwezi wa kabla ya huo, na wa nyuma zaidi. “Mimi ninakula pensheni kwa sababu bosi wangu alikatwa na mimi nilikatwa,” alisema. “Nikila peke yangu, itakuwa aibu.”

Nyumba ya tatu kutoka kwake ilikuwa na habari tofauti. Lango lilikuwa wazi kidogo, na ndani mzee alikuwa akifagia majani ya mivinje. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, “Marahaba, baba, karibu,” akaegemeza ufagio ukutani. Bwawa la kuogelea lilikuwa limegeuka kijani, vyura wanarukaruka pembeni. Viti vya bustani vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza kana kwamba kuna wageni wanaotarajiwa. Kiunoni alikuwa na tita la funguo, na kila mlango wa nyumba ile ulikuwa na ufunguo wake hapo.

Tajiri wake, Muitaliano, alifariki. Watoto wako Ulaya na nyumba inatafutiwa mnunuzi. Mshahara ulitumwa kwa miezi michache, kisha ukakatika. Yeye amelinda na kupalilia hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

“Alikuwa mtu mwema, usije ukanielewa vibaya,” aliniambia. “Hakunichelewesha hata siku moja. Mke wangu alipougua, yeye ndiye aliyelipa hospitali. Ila mambo yake yote yalikuwa ya mdomo.”

Nikamuuliza kama alikuwa na barua ya kazi, au nambari ya NSSF. Akacheka kidogo. Alichokuwa nacho ni funguo, na ahadi kwamba nyumba ikiuzwa hatasahauliwa. Nikamuuliza kwa nini bado anafagia. Akasema nyumba chafu haiuziki, na isipouzwa hata hiyo ahadi haitakuwepo.

Usiku ule sikupata usingizi wa haraka, kwa sababu habari ya yule mzee niliifahamu tangu zamani. Ni habari ya Bukavu nzima.

Bukavu nayo imewahi kuwa mji wa wazungu kando ya maji. Wabelgiji waliuita Costermansville, kwa jina la afisa wao Paul Costermans, hadi miaka ya 1950. Mwaka 1928 waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ikagawa ardhi kwa walowezi. Hali ya hewa ndiyo iliyowavuta: mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hauna joto la Kisangani, na ziwa halina mamba. Wakajenga Nguba, Muhumba na La Botte, majumba yenye kuta za mviringo na madirisha mapana yanayotazama ziwa. Wengine walikuwa na mashamba ya kahawa, chai na kwinini, wengine walikuja kumalizia maisha katika nchi waliyoiona ya baridi nzuri. Babu zetu wa Mumosho walipanda kwa miguu kwenda kuwapikia, kuwafulia na kuwalindia.

Kisha wakaondoka, tena kwa makundi. Wengi waliondoka uhuru ulipokuja mwaka 1960. Wengine walikimbia mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji kuanzia Agosti hadi mapema Novemba. Waliobaki na biashara na mashamba walinyang’anywa baada ya tangazo la Mobutu la Novemba 30, 1973. Sheria ya ardhi ya mwaka huohuo ilisema ardhi yote ni ya serikali, raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kudumu, na mgeni hupewa miaka 25 inayoweza kurefushwa. Nyumba zikabaki. Wapishi na walinzi nao wakabaki, na funguo mikononi, bila karatasi.

Wakaja wageni wa aina nyingine baada ya vita vya miaka ya 1990: mashirika ya misaada, askari wa Umoja wa Mataifa, magari meupe. Nguba ikapanda kodi upya. Vijana wetu wakapata kazi za udereva, ulinzi na ukalimani, mama zetu wakawa wanawauzia mboga na samaki wadogo wa sambaza. Mwaka 2024 MONUSCO, ujumbe wa hao askari wa Umoja wa Mataifa, ilifunga kazi yake Kivu Kusini, ikianza kwa kukabidhi kambi ya Kamanyola, chini kidogo ya kwetu kando ya Ruzizi, mwezi Februari. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2025, waasi wa M23 waliingia Bukavu, benki zikafunga, na wageni wengi waliokuwa wamebaki wakavuka daraja. Malindi nayo inajua maana ya kuamka mgeni hayupo: iliamka hivyo baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwaka 2008, na tena mwaka 2020 korona iliposimamisha ndege.

Ila kuna tofauti moja niliyoiona kule pwani. Mgeni wa Bukavu mara nyingi alikuja na kazi: shamba, kanisa, mradi, jeshi. Kazi ikiisha, fedha yake inakatika siku hiyohiyo. Mstaafu wa Malindi anakuja na fedha ambayo haikatwi na ukame wala na uchaguzi. Inatoka katika mfuko aliouchangia tangu ujana, na inamfuata popote alipo. Serikali ya Italia inamlipa huko huko aliko. Kwa hiyo tusiseme kwamba wale wazee wanaokunywa kahawa barabara ya Lamu wamebarikiwa. Walikatwa mshahara kila mwezi kwa miaka mingi, na aliyewakata aliitunza fedha ikabaki na thamani.

Kwetu mambo yote mawili yaliharibika. Wapo waliokatwa. Baba zetu waliofanya kazi katika viwanda, mashule na maofisi walichangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Halafu zaire, fedha yetu ya wakati huo, ikaporomoka. Oktoba 1993 serikali ilitoa zaire mpya, moja ikachukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga, na faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya laki moja. Fanya hesabu mwenyewe ya aliyekuwa ameweka akiba ya miaka thelathini. Mfuko wenyewe ulifanyiwa mageuzi kwa sheria ya mwaka 2016, ukaitwa CNSS, na watumishi wa serikali wakaundiwa wa kwao. Lakini wazee wa zaire hawakurudishiwa ujana wao.

Mjomba wangu wa Mumosho ni mmoja wao. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mvi zimemjaa, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Niliporudi nilimkuta chini ya mparachichi akisahihisha madaftari, anayasogeza karibu na pua. Nikamsimulia juu ya Malindi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: “Huyo mpishi, anakatwa kiasi gani?” Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema si nyingi. Nikamuuliza yeye atastaafu lini. “Nikiacha chaki nitakula nini, mwana wa dada?” Juu ya paa la nyumba yake, kuelekea ng’ambo ya bonde, zinapita nyaya kubwa za umeme wa Ruzizi II, bwawa lililoanza kazi mwaka 1989 na linalohudumia Kongo, Rwanda na Burundi. Yeye husahihisha mchana, kwa sababu usiku hana taa.

Watu watasema nchi maskini haiwezi kulisha wazee wake. Jirani zetu wameonyesha kwamba inawezekana, angalau kwa kidogo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alivua samaki. Kenya, kwa mpango wa Inua Jamii, inawapa wazee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi huchelewa. Fedha hizo hazimpeleki mtu kunywa kahawa barabara ya Lamu, lakini zinamnunulia unga na sabuni, na zinampunguzia aibu ya kuomba.

Serikali yetu ina vita, na vita ni sababu ya kweli. Ila kuna sehemu ya kazi hii isiyongoja amani, nayo imo mikononi mwa kila mwenye nyumba, shule, duka au ofisi. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake, na sheria ya Kongo inamtaka vilevile. Hailindi mwenye tai peke yake. Yaya yumo, mlinzi yumo, mpishi yumo. Wenyeji tunaowaajiri watu majumbani ndio wakosaji wakubwa kuliko hata wageni, kwa sababu tunamwita mlinzi ndugu, na undugu huo tunaufanya kisingizio cha kutoandika chochote.

Basi ombi langu kwa msomaji, uwe Bukavu, Malindi, Goma au Mwanza, ni dogo. Kama umeajiriwa, dai nambari yako, na uulize kila mwaka kama michango imefika. Kama umemwajiri mtu, mwandikishe wiki hii, mpe barua, na umwonyeshe risiti. Wema wa mdomo hufa na mwenye mdomo, na mzee hawezi kula funguo.